Pumzi ya Injini Mlimani

Kila kitu kiishicho kwa hewa hupungukiwa na nguvu kinapopanda mlima. Mtu hutweta, mkimbiaji mgeni hushika kiuno, na injini ya petroli hukohoa na kutoa moshi mweusi. Kwa mtu jambo hili halitushangazi, maana tumelizoea. Lakini kwa injini watu wengi hulishangaa, na kwa kuwa hawalielewi hulitibu kwa dawa isiyo yake. Nia yangu katika insha hii ni kukueleza, msomaji, kwa nini injini iliyofanya kazi vizuri pwani hudhoofika katika nyanda za juu, jinsi inavyorekebishwa ipate kufanya kazi huko, na kwa nini marekebisho hayo hayo yaweza kuwa sumu yake siku ishukapo bondeni. Habari hizi ni za ufundi, lakini usidhani kuwa ni za mafundi peke yao.

Hewa ina uzito. Maneno haya ni mepesi kuyasema, walakini wanadamu walikawia karne nyingi kabla ya kuyathibitisha. Tarehe 19 Septemba 1648, Mfaransa mmoja aliyeitwa Florin Périer alipanda mlima uitwao Puy de Dôme, akiwa amechukua mrija wa kioo wenye zebaki. Aliombwa kufanya hivyo na shemeji yake, Blaise Pascal, aliyekuwa bingwa wa hesabu. Mrija wa pili uliachwa chini mjini, na mtu akauangalia siku nzima. Zebaki ya chini haikusogea. Ile ya mlimani ilishuka kwa zaidi ya sentimita 8. Kilichopungua si zebaki bali ni uzito wa hewa iliyokuwa ikiisukuma. Kadiri Périer alivyopanda, ndivyo alivyoacha hewa nyingi zaidi chini ya miguu yake, na iliyobaki juu ya kichwa chake ikawa haba.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda Ufaransa kuyaona hayo. Mombasa, kando ya bahari, zebaki husimama kwa milimita kama 760. Iten, mji ulio kwenye ukingo wa mteremko mkubwa wa Elgeyo, mita kama 2,400 juu ya usawa wa bahari, zebaki husimama kwa milimita kama 570 tu. Robo nzima ya msukumo wa hewa imepotea njiani. Ni kwa sababu hiyo maji ya Iten huchemka yakiwa na joto la nyuzi kama 92 badala ya 100, na maharagwe hukawia jikoni hata mpishi akakata tamaa. Baridi ya mlimani hukaza hewa kidogo na kurudisha sehemu ya hasara. Hata hivyo, chombo kilichojazwa hewa Iten huwa na hewa pungufu, kwa sehemu moja ya tano hivi, kuliko chombo hicho hicho kikijazwa Mombasa.

Tafadhali usikosee hapa. Hewa ya mlimani si mbovu, wala oksijeni haikuondolewa ndani yake. Katika kila sehemu 100 za hewa, 21 hivi ni oksijeni, pwani na mlimani sawasawa. Tofauti ni kwamba juu ya mlima hewa yote imetawanyika, hata pumzi moja huleta kidogo kuliko ilivyoleta pwani.

Sasa tuitazame injini. Petroli haiungui peke yake. Huungua kwa kushirikiana na hewa, tena kwa kipimo. Kilo moja ya petroli huhitaji kilo kama 14.7 za hewa ili iungue yote pasipo masalio. Kilo hizo za hewa, pwani, zingejaza chumba chenye urefu wa mita tatu, upana wa mita mbili na kimo cha mita mbili. Hebu fikiri basi: chakula kikubwa cha injini si petroli tuinunuayo kwa fedha, bali ni hewa tuipatayo bure. Petroli ikizidi kipimo, mchanganyiko huwa mzito: sehemu ya petroli hutoka bila kuungua vema, ikawa masizi na moshi. Petroli ikipungua mno, mchanganyiko huwa mwepesi: injini hupata joto la kupita kiasi.

Katika pikipiki nyingi na mitambo midogo mingineyo, kazi ya kupima mchanganyiko huu hufanywa na kabureta. Kabureta ni bomba fupi lililobanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Hewa ivutwayo na injini, ikifika penye kiuno hicho, hukimbia. Na ikikimbia, msukumo wake hupungua. Chini ya kiuno pana kikombe cha petroli chenye boya la kulinda kiasi chake. Hewa iliyo juu ya petroli ya kikombe huikandamiza, nayo petroli hupanda kupitia tundu jembamba liitwalo jeti na kurushwa ndani ya mkondo wa hewa kama manyunyu.

Chombo hiki ni cha akili nyingi, lakini hakina mizani. Hakipimi uzito wa hewa ipitayo. Hewa haba ikipita kwa mwendo ule ule, petroli ivutwayo hupungua, ila haipungui sawa na hewa yenyewe. Kwa hesabu, hewa ikipungua kwa sehemu moja ya tano, petroli hupungua kwa sehemu moja ya kumi tu au zaidi kidogo. Penye kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo ya petroli pwani, Iten hubaki kilo kama 13. Injini iliyokuwa ikila kwa kadiri sasa inashindiliwa chakula, hali pumzi yake imepungua.

Hesabu hizi nilifundishwa katika chuo cha ualimu, nikaziandika vizuri katika daftari, nikafaulu mtihani. Lakini maana yake niliiona baadaye, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja juu ya mteremko wa Elgeyo. Zahanati iliyokuwa jirani na shule yetu ilipewa pikipiki ya magurudumu manne, ya namna ile iwezayo kupita penye mawe, matope na vijia visivyopitika kwa motokaa. Ilikuwa imetumika miaka kadhaa huko pwani, na sifa zake zilitangulia kabla yake. Kazi yake mpya ilikuwa kupeleka chanjo za watoto, siku nyingine kwenye vijiji vya juu, siku nyingine chini katika Bonde la Kerio. Chanjo nyingi hapana budi zikae katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Sanduku lenye barafu hulinda baridi hiyo kwa muda, wala muda huo haumngoji mtu.

Mtambo ule ulianza kutaabika tangu wiki ya kwanza. Penye tambarare ulikwenda, lakini kila mwinuko ulipoanza ulikohoa, ukatoa moshi mweusi, ukazimika. Dereva, kijana mwenye bidii, aliona kuwa nguvu zimepungua, akazidisha mafuta. Na kadiri alivyozidisha ndivyo ulivyozidi kulemewa. Siku moja akina mama wa kijiji cha juu walingoja na watoto migongoni tangu asubuhi hata jua likapinduka. Sanduku la chanjo lilikuwa njiani, limekaa juu ya mtambo usiokwenda. Muuguzi alilishusha, akajitwika kichwani, akaenda kwa miguu muda uliobaki. Akina mama watatu walikuwa wamekwisha rudi nyumbani alipofika. Jioni ile watu walisema mengi. Wengine walisema injini imezeeka na iuzwe kama chuma chakavu. Wengine walisema petroli ya huku imechanganywa maji.

Aliyeitwa kuitazama alikuwa mzee mmoja fundi wa pikipiki, ambaye masomo yake ya darasani yaliishia shule ya msingi. Nilikwenda pamoja na wanafunzi wangu wachache wa kidato cha tatu, tukasimama kando. Mzee hakuiwasha kwanza. Alifungua plagi, akaigeuza kwenye jua. Ilikuwa nyeusi, imejaa masizi makavu kama chungu cha jikoni. Kisha alimgeukia dereva.

“Kijana,” alimwuliza, “mtu akikabwa koo, utampa ugali?”

“Hapana, mzee.”

“Basi mbona unailisha?”

Wanafunzi walicheka, lakini sikucheka mimi, maana katika maneno yale machache mlikuwa na somo ambalo ningelichukua kipindi kizima kulieleza. Injini ile haikuwa na njaa. Ilikuwa imeshiba kupita kiasi, na kilichoikosesha nguvu ni pumzi.

Mzee hakukimbilia kubadili kitu. Kwanza alitoa chujio la hewa, akalikung'uta vumbi na kulisafisha, kwa kuwa chujio lililoziba hutoa dalili zile zile za mlima, na ni upumbavu kulaumu mlima kwa kosa la vumbi. Aliposafisha plagi na chujio, aliijaribu tena. Moshi ulipungua kidogo, haukuisha. Hapo ndipo alipofungua kabureta, akatuonyesha sehemu tatu, kila moja na zamu yake.

Sehemu ya kwanza ni jeti kuu, itawalayo petroli wakati mkono wa mafuta umefunguliwa kutoka robo tatu hata mwisho. Juu ya jeti ile palichorwa namba, na katika mtambo ule namba ndogo ilikuwa na maana ya tundu dogo. Mzee aliitoa iliyokuwamo na kutia yenye namba ndogo zaidi. Sehemu ya pili ni sindano ndefu ishukayo na kuziba njia ya petroli kwa kadiri, nayo hutawala katikati, kutoka robo hadi robo tatu. Sindano hii imeshikwa na kibanio kilichotiwa katika mkato mmoja kati ya mikato kadhaa. Kibanio kikipandishwa mkato mmoja, sindano yenyewe hushuka, na petroli hupungua. Sehemu ya tatu ni skrubu ndogo itawalayo injini ingurumapo bila kwenda. Kwa hii mzee alitoa onyo: katika kabureta nyingine skrubu hiyo hupima hewa, na katika nyingine hupima petroli, hata kuifungua hupunguza petroli katika ya kwanza na kuiongeza katika ya pili. Asiyesoma kitabu cha mtambo wake hubahatisha tu.

Tena hakubadili yote kwa mara moja. Alibadili kitu kimoja, akampeleka dereva kwenye mwinuko, akaitazama plagi. Akabadili kingine, akampeleka tena. Ukibadili mambo matatu pamoja na mtambo ukapona, hutajua ni lipi lililouponya. Na ukizidi kuugua, hutajua ni lipi la kurudisha. Nilitamani wanafunzi wangu wote wangekuwapo kuliona hilo, maana hii ndiyo sayansi yenyewe. Saa ya alasiri plagi ilitoka ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, ambayo ndiyo rangi ya plagi yenye afya.

Hapo dereva alifurahi sana. Alitaka mzee aendelee mbele.

“Mzee, tia jeti ndogo zaidi, itaruka kama swala.”

Mzee alimshika mkono, akamwongoza mpaka ukingoni mwa mteremko, akamwonyesha bonde lililokuwa chini yetu katika ukungu wa joto.

“Alhamisi utakwenda wapi?”

“Huko chini, mzee.”

“Na hewa ya huko ni ya nani, yako au yake?”

Msomaji, sehemu hii ndiyo nitakayo uishike kuliko zote. Chini ya Bonde la Kerio ni mita kama 1,200 tu juu ya usawa wa bahari, nusu ya kimo cha Iten. Mtambo ukishuka huko, kila pumzi yake huleta hewa nyingi zaidi. Jeti iliyobanwa mno kwa ajili ya kilele haitaweza kutoa petroli ya kutosha hewa hiyo. Mchanganyiko utakuwa mwepesi, joto litapanda, na pistoni yaweza kuyeyuka hata ikatoboka. Wala hapatakuwa na moshi wa kukuonya. Kwa kitambo injini itaonekana kwenda vizuri, kisha itakwisha. Mzee alisema kwa ufupi: “Ikiwa nzito italalamika. Ikiwa nyepesi itakufa kimya.”

Basi alichagua jeti ambayo ingeifaa safari ya bondeni, ingawa ilimaanisha kuvumilia moshi kidogo kileleni. Siku ya Alhamisi alishuka na dereva, akaifungua plagi huko huko chini katika joto, akaona kuwa haikugeuka nyeupe, akaridhika. Jeti ya zamani hakuitupa. Aliitia katika chupa ndogo ya dawa, akaiacha zahanati pamoja na karatasi iliyoandikwa namba zote mbili, ile ya pwani na ile ya mlimani, ili mtambo ukirudishwa pwani siku moja, usirudishwe ukiwa na kipimo cha kigeni.

Usidhani kuwa mtambo ule ulipata tena nguvu zote ulizokuwa nazo Mombasa. Haukuzipata, wala haukuweza kuzipata. Injini isiyo na chombo cha kuisukumia hewa hupoteza kama sehemu tatu katika mia za nguvu zake kwa kila mita 300 ipandazo. Iten hupoteza karibu robo. Hakuna skrubu iwezayo kurudisha hewa isiyokuwapo. Marekebisho huondoa mzigo wa ziada tu, yaani petroli isiyoungua, na kuiacha injini itumie yote iliyonayo. Yaliyobaki ni ya dereva: kutumia gia ndogo penye mwinuko, kupunguza mizigo, na kutokuwa na haraka. Dereva alijifunza hayo, na sanduku la chanjo likafika vijiji vya juu kabla ya saa nne asubuhi.

Siku hizi mitambo mingi mipya haina kabureta. Ina kifaa kipimacho msukumo wa hewa na kingine kinyunyizacho petroli kwa hesabu, hata inapopanda kutoka bandarini mpaka milimani hujirekebisha yenyewe. Mingine ina feni iisukumayo hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Katika mashindano ya kupanda mlima wa Pikes Peak huko Marekani, yaliyoanza mwaka 1916, magari huanza yakiwa mita 2,862 juu ya bahari na kumaliza yakiwa mita 4,302. Kabureta iliyopimwa kwa mwanzo wa safari ile huwa nzito mno mwishoni, na iliyopimwa kwa mwisho huwa nyepesi mno mwanzoni. Mwaka 2018 gari la umeme, likiendeshwa na Mfaransa Romain Dumas, lilipanda kwa muda usiofika dakika nane na kuvunja rekodi ya mashindano hayo. Umeme hauhitaji pumzi. Hata hivyo, pikipiki nyingi zinazobeba watu na maziwa katika vilima vyetu zingali na kabureta, na huenda wewe au ndugu yako mkaishi kwa jasho la mojawapo.

Mwili wa binadamu nao hurekebishwa. Mtu akikaa mlimani wiki kadhaa, damu yake huongeza chembe nyekundu zichukuazo oksijeni. Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1968 ilipofanywa Mexico City, mita kama 2,240 juu ya usawa wa bahari, wakimbiaji wengi wa nchi za chini walitaabika katika mbio ndefu. Kipchoge Keino, Naftali Temu na Amos Biwott, watoto wa nyanda za juu za Kenya, walirudi na dhahabu. Lakini mwili hufanya kazi hiyo wenyewe, bila ya kuulizwa. Mtambo hauwezi. Hungoja mtu wa kuufikiria mahali ulipo na mahali uendapo.

Nawe, kijana usomaye haya, utakabidhiwa mitambo na kazi ambazo wengine walizipima kwa mahali pengine. Kitu kikidhoofika mikononi mwako, usikimbilie kukizidishia. Fungua plagi kwanza, uitazame kwenye jua, ujue ni nini kilichopungua na ni nini kilichozidi. Kisha, kabla ya kufunga kazi, tembea mpaka ukingoni utazame bonde utakaloshuka kesho, na namba ya zamani uiandike mahali ambapo mwingine ataiona.